Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Course: Oblivion, ile episodi ya Voyager yenye mabaharia wa nakala

Kabla hujasoma, humu ndani kuna spoila kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho, sijaficha kitu. Kama hujaiangalia bado nakuomba kwa moyo wote nenda kaiangalie kwanza alafu urudi, kwa sababu hii ni moja ya episodi ambazo ukishajua siri yake huwezi tena kuiangalia kwa macho yale ya mwanzo.

Ni episodi ipi hasa?

Ni ya Star Trek: Voyager, tamthilia ya Marekani kuhusu meli ya anga iliyokwama mbali na Dunia ikijaribu kurudi nyumbani, msimu wa 5, episodi ya 18, ilirushwa Marekani Machi 1999. Muongozaji ni Anson Williams na waandishi ni Bryan Fuller na Nick Sagan (ndiyo, Nick ni mtoto wa Carl Sagan, yule mwanaastronomia maarufu). Anson Williams huyohuyo ndo aliyeongoza pia episodi ya Demon ya msimu wa 4, ya Mei 1998, ambayo ndo mzizi wa hadithi hii yote.

Nipe stori kwa kifupi.

Inaanza na harusi. Tom Paris anamuoa B'Elanna Torres, Kapteni Janeway anafungisha ndoa, watu wamependeza, wanarusha mchele, kila mtu ana furaha kwa sababu meli imepata injini mpya iliyoboreshwa na badala ya miongo ya kusafiri sasa watafika Duniani ndani ya miaka miwili hivi. Alafu meli inaanza kuoza. Yaani vyuma vyenyewe vinalegea, kuta zinapoteza uimara kwenye ngazi ya molekuli, na punde si punde binadamu nao wanaanza kuumwa ugonjwa huohuo. B'Elanna anafariki akiwa bibi harusi mpya kabisa, mumewe yuko pembeni ya kitanda. Maofisa wawili wa meli, Chakotay na Tuvok, wanapekua safari yao wakirudi nyuma kutafuta chanzo, wanafika kwenye sayari moja waliyoitembelea miezi mingi kabla, na hapo ndo wanagundua kwamba wao sio wao. Ni nakala. Meli ni nakala, kapteni ni nakala, wote. Kuanzia hapo ni mbio za kujiokoa, na hawaokoki.

Hao nakala walitoka wapi?

Turudi kwenye Demon. Voyager halisi ilikuwa imeishiwa mafuta, ikabidi watafute deuteri kwenye sayari ya daraja Y, zile ambazo mabaharia wanaziita sayari za shetani, joto lake linapita Kelvini 500, ambayo ni zaidi ya nyuzi 220 za Selsiasi, na hewa yake ni sumu tupu. Tom na ofisa mwenzake kijana Harry Kim wanashuka. Kwenye ardhi kuna madimbwi ya majimaji ya rangi ya fedha, ukiyaona utasema ni zebaki, na majimaji hayo yana uwezo wa kunakili kitu chochote yanachokigusa, mpaka kiumbe hai. Yakamnakili Tom, yakamnakili Harry.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza vizuri. Yale majimaji kabla ya hapo hayakuwa na fahamu. Yalikuwa yapo tu. Yalipogusa vinasaba vya watu ndo kwa mara ya kwanza yakapata akili, yakajua kwamba yapo, na yakataka kuendelea kuwepo. Janeway akafanya makubaliano nayo, mabaharia waliokubali wakatoa sampuli za vinasaba vyao, na Voyager ikaondoka huku nakala zikiwa zimesimama pale chini zikiangalia meli inapaa. Wengi tulidhani stori imeishia pale.

Mbona hawakujua wenyewe kwamba ni nakala?

Kwa sababu walinakili mpaka kumbukumbu. Huwezi kukumbuka kuwa wewe ni majimaji kama kichwa chako kimejaa utoto wa mtu mwingine, mama yake, shule yake, vita alivyopigana, mapenzi yake. Kila wanachokikumbuka kabla ya Demon ni cha watu wengine, na wamekibeba kwa uaminifu kabisa kiasi kwamba ule mwanzo wao wa kweli umefunikwa. Wakaunda meli, wakapanda, wakaendelea na safari ya kurudi nyumbani, nyumba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga.

Na hiyo meli wameipata wapi? Demon wanatoa vinasaba tu.

Kwenye Demon Voyager ilitua, na majimaji yakaigusa na kuanza kuizamisha, kwa hiyo kile kitu kilishaionja meli yenyewe. Na tayari yalikuwa yameshanakili vitu visivyo na uhai, maana Tom na Harry wa nakala walitokea na mavazi. Tamthilia haitoi maelezo ya hatua kwa hatua jinsi meli nzima ilivyoundwa, na mimi naona haina haja. Kinachotosha ni kujua kwamba meli na mabaharia wametengenezwa kwa kitu kilekile kimoja, ndo maana wanakufa pamoja kwa ugonjwa mmoja.

Kilichowaua ni nini hasa?

Ile injini iliyoboreshwa. Inatoa mionzi ambayo kwa chuma cha kawaida na nyama ya kawaida isingekuwa na madhara hayo, ila kwa wao inavunja vile vifungo vinavyoshikilia molekuli zao. Yaani kitu kilekile walichokisherehekea mwanzoni, kilichowapa ahadi ya kufika Duniani mapema, ndo kilichokuwa kinawayeyusha. Walipogundua walizima injini lakini madhara yalishaingia.

Uthibitisho waliupata kwa njia ngumu sana. Chakotay na Tuvok walimuomba Daktari audunge mwili wa B'Elanna kichocheo cha dikromati. Mwili ukayeyuka ukawa majimaji ya fedha pale kitandani.

Kuna dalili mwanzoni ambazo ningeziona?

Zipo na ni tamu sana ukiangalia mara ya pili.

Ya kwanza ni mchele wa harusini. Punje zinaanguka sakafuni alafu zinapenya sakafu, kamera inashuka nazo mpaka chini kwenye mahandaki ya mafundi, na watu juu bado wanacheka. Ya pili ni cheo cha Tom. Desemba 1998, kwenye Thirty Days, Tom Paris halisi alishushwa cheo na kufungwa siku 30. Kwenye hii harusi amevaa vidoti vya Luteni kwenye kola! Mtu aliyekuwa anafuatilia kila wiki angepaswa kushtuka palepale, na wapo walioona wakadhani ni kosa la watu wa mavazi. Sio kosa. Huyu Tom hajawahi kushushwa cheo kwa sababu yale makosa aliyafanya mtu mwingine kwenye meli nyingine.

Ya tatu ni hiyo injini yenyewe. Voyager halisi haikuwa na kitu kama hicho, na ndoa ya Tom na B'Elanna haikuwa imetajwa wiki iliyopita. Watazamaji wengi walidhani tu kwamba wameruka muda mbele.

Janeway hakuwa mkaidi tu? Si angegeuza meli mapema?

Hili swali ndo linaulizwa kuliko yote na watu wanagombana kweli, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Baada ya kujua ukweli Chakotay anataka warudi kwenye sayari ya shetani, kwa sababu huko ndo walikozaliwa na huko ndo kuna uwezekano wa kupona. Janeway anakataa. Anataka waendelee kwenda Duniani huku wakitafuta tiba njiani. Tom amefiwa na mke na anauliza kwa hasira kwa nini amtii mtu ambaye sio hata kapteni wa kweli. Chakotay yeye anabaki mtiifu kwa cheo ila kama rafiki anamwambia ukweli kwamba Dunia sio kwao.

Wanaomlaumu wanasema aliwaua watu wake kwa ubishi. Mimi naona hivi. Janeway halisi ana kitu kimoja kinachomuendesha kwenye misimu yote 7, nacho ni kuwarudisha watu wake nyumbani, kwa sababu yeye ndiye aliyefanya uamuzi uliowaacha wamekwama kwenye Robo ya Delta, upande wa mbali wa galaksi, umbali wa miaka-mwanga 70,000. Hiyo hatia na hiyo ahadi ndo imemshikilia asianguke. Sasa ukimnakili Janeway kwa ukamilifu umemnakili na ahadi yake. Akiiachia ahadi anabaki na nini? Kukubali kurudi ni kukubali kwamba yeye sio Kathryn Janeway, na kila anachokijua kuhusu nafsi yake kinakataa. Kwa hiyo ule ukaidi ndo ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba nakala ilikuwa sahihi, maana Janeway halisi angefanya vilevile, na tumemuona akifanya vilevile mara nyingi na tukampigia makofi kwa sababu ilifanikiwa.

Anageuza meli baada ya Chakotay kufa. Kwangu hapo ndo anapokuwa mtu wake mwenyewe kwa mara ya kwanza, maana anafanya uamuzi ambao ni wake na wa watu wake wa kweli, sio uamuzi wa kurithi. Ulichelewa, ndiyo.

Kwa nini hawakutua kwenye ile sayari nyingine waliyoipata njiani?

Walikuta sayari nyingine ya daraja Y ambayo hali yake ingewafaa, lakini ilikuwa na wenyewe, na meli ya wenyewe ikawashambulia wasikaribie. Janeway angeweza kupigana. Hakutaka kuua ili wao wapone. Zingatia kwamba wakati huo anajua fika kwamba yeye ni majimaji yaliyonakili mtu, hakuna sheria yoyote ya Starfleet (jeshi la meli za anga ambalo Janeway halisi analitumikia) inayomhusu, hakuna mkubwa atakayemhoji, na bado anaheshimu misingi ileile. Kama kuna mtu anataka hoja moja ya kuonyesha kwamba hawa walikuwa mabaharia wa kweli mimi nampa hii.

Ile kapsuli ya kumbukumbu ilikuwa na nini?

Walipoona hawatapona waliamua angalau habari zao zibaki: waligundua nini, walikutana na nani, walikuwa akina nani. Tatizo chochote kilichotoka kwenye meli kitaoza nayo, kwa hiyo ilibidi kiundwe kitu kisicho na ile damu ya fedha, yaani yale majimaji ya Demon, ndani yake. Wakaunda. Wakati wa kukirusha mtambo wa kurushia ukafeli na kapsuli ikaharibika pamoja na kila kitu kilichokuwemo.

Waandishi wangeweza kuiacha ile kapsuli ifike, na watu wengi wanatamani ingefika. Mimi pia nilitamani. Lakini ingefika, episodi ingekuwa stori ya watu waliokufa wakakumbukwa, na stori hizo zipo nyingi na zinatufariji. Hii inauliza jambo gumu zaidi, kama maisha yalikuwa na thamani hata kama hakuna atakayejua yalikuwepo. Na inajibu kwa kutuonyesha sisi watazamaji harusi, mapenzi, ugomvi, uaminifu, vyote, alafu inaondoa mashahidi wote waliobaki ndani ya hadithi.

Mwisho unaishaje? Sikuelewa vizuri.

Janeway anafariki. Harry Kim anashika usukani akiwa na baharia mwenzake Seven of Nine na wachache waliobaki. Wanaona kuna meli kwa mbali, wanajaribu kuiita, wanajaribu kutoka kwenye mwendo wa kasi ili waifikie wakiwa salama, na meli inasambaratika kabla. Meli iliyokuwa inakuja kuwasaidia ni Voyager halisi. Inafika, inakuta majimaji na vipande vinaelea, hawatambui ni nini, wanaandika kwenye kitabu cha meli kwamba chombo kisichojulikana kimeharibika, chanzo hakijulikani, hakuna aliyenusurika. Alafu wanaendelea na safari.

Kapteni Janeway anaandika taarifa ya kifo chake mwenyewe bila kujua, mistari michache tu.

Daktari ni hologramu, na yeye ni nakala kivipi?

Programu yake inaendeshwa na kompyuta ya meli na anaonekana kwa mitambo ya meli, na vyote hivyo vimetengenezwa kwa damu ya fedha. Kwa hiyo mashine ikioza naye anapotea, na ndivyo inavyotokea.

Kama ni nakala tu, kwa nini nijali?

Naelewa mtu anayesema "episodi haina maana, wale halisi wako salama, wiki ijayo kila kitu kipo vilevile". Ila fikiria. B'Elanna aliyekufa alipenda kweli, aliogopa kweli, alishika mkono wa mume wake kweli. Miezi ile yote tangu waondoke kwenye sayari ilikuwa yao, hakuna mtu mwingine aliyeiishi. Ile injini waliivumbua wao, Voyager halisi haijawahi kuipata. Ile ndoa ilikuwa yao. Kuanzia siku walipoachana na wale wa asili walikuwa ni watu wengine wenye maisha mengine, wanaoshirikiana tu utoto.

Na kuna jambo mashabiki wengi wanalisahau. Harry Kim tunayemjua, yule "halisi", naye ni wa meli nyingine! Kwenye Deadlock ya msimu wa 2, mwaka 1996, Voyager iligawanyika ikawa mbili, Harry wa meli yetu akavutwa nje angani akafa, na mtoto mchanga Naomi Wildman akafa. Meli ya pili ikavamiwa na Vidiian, viumbe adui wa kigeni, Janeway wa huko akailipua ili kuokoa ile nyingine, ila kabla ya kuilipua akamtuma Harry wake na Naomi wake wavuke. Hao ndo tuliokaa nao mpaka mwisho wa tamthilia mwaka 2001. Hakuna shabiki aliyewahi kusema Harry hana thamani kwa sababu katoka upande wa pili. Tulimpokea, tukaendelea. Sasa ukimkubali yule, kwa haki gani unamkataa huyu aliyekufa akiwa kwenye kiti cha ukapteni?

Na kwa kweli kuhusu hicho kiti, Harry halisi alimaliza miaka yote 7 akiwa na cheo kilekile cha chini alichoanza nacho, ni malalamiko ya siku nyingi ya mashabiki. Huyu wa nakala ndiye aliyebaki na meli mikononi, na alijaribu kwa nguvu zake zote.

Voyager halisi ilikuwa mbele sana, walikutanaje?

Swali zuri. Kati ya Demon na hii episodi Voyager halisi iliruka umbali mkubwa mara kadhaa, Timeless iliwapunguzia kama miaka 10 na Dark Frontier, iliyorushwa wiki mbili tu kabla ya hii, ikapunguza mingine kama 15. Lakini angalia, nakala na injini yao walikuwa wamebakiza miaka miwili kufika Duniani, maana yake wao ndo walikuwa mbele zaidi. Walipogeuza kurudi kwenye sayari ya shetani walikuwa wanakuja uelekeo ambao Voyager halisi inatokea. Wakakutana njiani. Hesabu za umbali ukizikaba koo zitalia kidogo lakini uelekeo unakubali.

Malalamiko ya kisayansi ambayo mimi nayaunga mkono ni ya Demon. Kuishiwa deuteri angani ni kitu kigumu kukiamini, ni haidrojeni nzito tu, hata kwenye maji ya kawaida ya bahari ipo, kama atomu moja kwa kila atomu 6,400 za haidrojeni. Hawakuhitaji kwenda kwenye sayari ya shetani. Ila wasingeenda tusingekuwa na hii stori.

Kwa hiyo baadhi ya episodi za msimu wa 5 zilikuwa za nakala?

Hapana, hiyo nadharia inazunguka sana lakini haishiki. Timeless, Thirty Days, Dark Frontier zote zina matokeo yanayoendelea kwa wale halisi.

Tom na B'Elanna halisi walioana?

Ndiyo, msimu wa 7, episodi ya Drive, mwaka 2000. Sherehe yenyewe hatuonyeshwi, tunawaona wakiwa tayari wameoana. Harusi kamili tuliyoiona kwa macho, yenye kapteni na mchele na wageni, ni ile ya nakala peke yake.

Niangalie kwa mpangilio gani?

Kama una muda, Deadlock, Demon, Thirty Days, Course: Oblivion, alafu Drive. Kama una jioni moja tu angalia Demon na Course: Oblivion, na ukiweza weka siku kadhaa katikati ili ile sayari ianze kusahaulika kichwani. Usimwambie unayeangalia naye kwamba zinahusiana. Na kwenye harusi usimuonyeshe ile kola ya Tom, muache aione mwenyewe.